Photius wa Konstantinopoli na Daftari la Vitabu Alivyosoma



Muhula uliopita, katika mtihani wa mdomo, tuliulizwa juu ya kitabu tulichokuwa tumekisoma mwaka mmoja tu nyuma. Rangi ya jalada tuliikumbuka. Hata benchi la chini ya mwembe tulilokalia tukikisoma tulilikumbuka. Lakini mwandishi alitaka kusema nini, na alithibitishaje maneno yake, hayo yalikuwa yamekwisha kupotea. Padre aliyetutahini hakutugombeza. Alituuliza tu kama tuna daftari la kuandikia vitabu tunavyosoma. Hatukuwa nalo. Akatuambia twende maktaba tukatafute habari za mtu aitwaye Photius.

Tulishangaa, maana jina hilo tulilijua kwa upande mmoja tu. Katika somo la historia ya Kanisa, Photius hutajwa pale panapozungumzwa mafarakano kati ya Roma na Konstantinopoli, kisha ukurasa unafunuliwa. Hatukujua kwamba mtu huyu ndiye aliyetuachia kumbukumbu kubwa kuliko zote za usomaji wa mtu mmoja kutoka zama za kale. Makala hii ni matunda ya kutumwa kule maktaba.

Mtoto wa nyumba iliyoteswa

Photius alizaliwa Konstantinopoli, mji ambao leo ni Istanbul nchini Uturuki, mwanzoni mwa karne ya 9. Wakati huo ulikuwa mji mkuu wa Dola ya Roma ya Mashariki, na lugha ya wasomi wake ilikuwa Kigiriki. Familia yake ilikuwa na cheo na mali, lakini ilikuwa pia na jeraha. Jamaa mmoja wa baba yake, Tarasius, alikuwa Patriaki wa Konstantinopoli na ndiye aliyeongoza Mtaguso wa Pili wa Nisea mwaka 787, uliotetea heshima kwa picha takatifu. Baadaye watawala waliozikataa picha hizo walirudi na nguvu. Sergius, baba yake Photius, alishika imani ya mtaguso ule, na kwa ajili hiyo akapelekwa uhamishoni na familia yake ikapata taabu. Mwaka 843 ndipo picha takatifu ziliporudishwa makanisani kwa kudumu.

Kwa hiyo kijana Photius alikua akijua kwamba neno lililoandikwa linaweza kuchomwa moto, na kwamba mtu anaweza kufukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya anachokiamini. Labda ndiyo sababu alivishika vitabu kwa nguvu namna ile. Alisoma sarufi, ufasaha, falsafa, hesabu, tiba na Maandiko. Hakuwa padre wala mmonaki. Alikuwa mlei, mtumishi wa serikali, akapanda hadi kuwa mkuu wa ofisi ya makatibu wa Kaisari. Jioni nyumba yake ilijaa vijana na rafiki waliokuja kusoma pamoja naye, kuuliza na kujadiliana. Miongoni mwa waliofundishwa naye alikuwa Konstantino wa Thesalonike, ambaye sisi tunamwita Mtakatifu Sirili, yule aliyekwenda na ndugu yake Metodi kuwahubiria Waslavi Injili.

Barua kwa ndugu yake

Photius alikuwa na ndugu zake kadhaa, na mmoja wao, aliyeitwa Tarasius kama yule Patriaki, alimpenda sana. Ndugu hao walikuwa na desturi ya kusikiliza vitabu vikisomwa pamoja. Ikumbukwe kwamba kitabu wakati ule kiliandikwa kwa mkono, kiligharimu fedha nyingi, na kwa kawaida kilisomwa kwa sauti mbele ya watu. Asiyekuwapo siku ya kusomwa amekikosa, na huenda asikione tena.

Siku moja Photius aliteuliwa kwenda na ujumbe wa Kaisari katika nchi za utawala wa Waislamu wa ukoo wa Abbasi, upande wa Mesopotamia. Safari ilikuwa ndefu na ya hatari. Tarasius akamwomba jambo moja kabla ya kuachana: amwandikie muhtasari wa vile vitabu vilivyosomwa siku ambazo yeye hakuwapo. Ingekuwa faraja ya kutengana, na tena njia ya kupata walau kivuli cha vitabu asivyovisikia.

Photius alikubali. Katika barua inayotangulia kazi hiyo anaeleza kwamba alimtafuta mwandishi wa kumsaidia, akaandika yale ambayo kumbukumbu yake ilikuwa imeyahifadhi, kwa mpangilio ule ule yalivyomjia akilini. Mwishoni anamwambia ndugu yake kwamba kama mauti yatamkuta njiani, basi kazi hii iwe ukumbusho wake. Na kama Mungu atamrudisha salama, huenda akaandika nyingine. Wataalamu wengi wanaona kwamba hakutegemea kichwa peke yake, kwa sababu sehemu nyingine ni ndefu na zina maneno ya mwandishi mwenyewe kwa usahihi mkubwa. Bila shaka alikuwa na karatasi zake za kumbukumbu, alizoziandika kwa miaka kadri alivyosoma. Ndiyo kusema kwamba ombi la Tarasius lilimkuta mtu aliyekwisha kujizoeza.

Photius hakuipa kazi hiyo jina tunalolitumia leo. Watu wa baadaye ndio walioiita Maktaba, na wengine wakaiita kwa Kigiriki Myriobiblos, yaani vitabu elfu kumi. Sisi, kwa sababu ya yule padre na swali lake, tumezoea kuiita daftari.

Ndani ya daftari

Daftari la Photius lina mafungu 280. Fungu moja huweza kuhusu kitabu kimoja au vitabu kadhaa vya mwandishi mmoja, hivyo jumla ni zaidi ya vitabu 380. Zaidi ya nusu ni vya Kikristo: Mababa wa Kanisa, matendo ya mitaguso, maisha ya watakatifu, mahubiri, mabishano juu ya imani. Vilivyobaki ni vya wapagani na Wayahudi, na humo ndimo tulipokaa muda mrefu tukistaajabu.

Kuna wanahistoria, kama Herodotus na Josephus. Kuna waganga, kama Galen, na Dioscorides aliyeandika juu ya mimea ya dawa. Kuna kamusi kadhaa. Kuna wasemaji maarufu wa mahakama za Athene. Kuna habari za safari na za nchi za mbali, na kuna hadithi za mapenzi. Kuna hata kitabu cha kilimo cha mtu aitwaye Vindanius Anatolius, ambacho Photius anakisifu kwamba kina manufaa, na anasema ameyahakikisha hayo kwa uzoefu, ingawa anamwonya msomaji aruke mambo ya kishirikina yaliyochanganywa humo. Tulicheka kidogo kwa furaha tulipofika hapo. Mkuu wa makatibu wa Kaisari anaandika juu ya shamba!

Kitu kimoja hakimo karibu kabisa, nacho ni ushairi. Plato na Aristotle nao hawana mafungu yao. Maelezo yanayotolewa na wengi ni kwamba hivyo vilikuwa vitabu vya darasani, ambavyo kila msomi alivijua tayari, na Tarasius hakuhitaji muhtasari wake. Daftari lake lilikuwa la usomaji wa ziada, ule ambao mtu anaufanya bila kulazimishwa na mwalimu.

Fungu la tatu linatugusa sisi wa upande huu wa Afrika. Linahusu kitabu cha Nonnosus, balozi aliyetumwa na Kaisari Justiniani katika karne ya 6 kwenda Uarabuni na kwa mfalme wa Aksum, katika nchi ya Ethiopia. Nonnosus alieleza jinsi alivyopanda kutoka bandari ya Adulis, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, kuelekea Aksum, na jinsi yeye na wenzake walivyokutana na kundi la tembo wapatao 5,000 wakichunga katika uwanda mpana. Kitabu cha Nonnosus kimepotea. Hakuna nakala yake popote duniani. Tunajua habari za tembo wale kwa sababu tu mtu mmoja huko Konstantinopoli, miaka 300 hivi baadaye, alikisoma na kuandika alichosoma.

Na hicho si kitabu pekee. Ctesias, mganga Mgiriki aliyekaa katika jumba la mfalme wa Uajemi, aliandika historia ya Waajemi katika vitabu 23. Muhtasari mrefu kuliko yote tulio nao ni wa Photius. Memnon aliandika historia ya mji wa Heraclea ulio kando ya Bahari Nyeusi. Tunachokijua ni kile alichokihifadhi Photius. Antonius Diogenes alitunga hadithi ndefu ya maajabu ya nchi zilizo ng'ambo ya Thule. Mpangilio wa hadithi hiyo unajulikana kwa njia ya fungu la 166. Sehemu kubwa ya vitabu alivyovitaja haipo tena, au imebaki vipande. Alidhani anamfariji ndugu yake, kumbe alikuwa anaokoa sauti za watu waliokuwa karibu kunyamaza milele.

Namna alivyoandika

Mafungu mengi yanaanza kwa neno moja la Kigiriki lenye maana kwamba kitabu kimesomwa. Kisha yanafuata jina la mwandishi, jina la kitabu, na idadi ya sehemu zake. Halafu Photius anaeleza kitabu kinahusu nini. Baada ya hapo anazungumzia lugha: je, inaeleweka, imepambwa kupita kiasi, ni nzito, ni tamu? Mara nyingi anaongeza habari za maisha ya mwandishi na dini yake. Mwishoni, pale inapohitajika, anatoa hukumu juu ya mafundisho yenyewe. Fungu linaweza kuwa na mistari miwili tu, na linaweza kuwa na kurasa nyingi. Yale ya mwishoni ni marefu zaidi, kwa kuwa humo alinakili sehemu alizoziona za maana.

Jambo lililotufundisha zaidi ni kwamba hakuchanganya maswali hayo. Achilles Tatius alitunga hadithi ya mapenzi. Photius anausifu ufundi wa lugha yake, kisha anakemea uchafu wa mambo yanayosimuliwa. Lucian aliwadhihaki wapagani na miungu yao. Photius anaifurahia lugha yake safi, lakini anaona kwamba mtu anayecheka kila kitu mwishowe hana anachokiheshimu. Klementi wa Aleksandria ni mwalimu mkubwa wa Kanisa la kwanza. Hata hivyo, katika kitabu chake kimoja Photius aliona mafundisho yasiyolingana na imani, akayaorodhesha waziwazi, na akaacha mlango wazi kwamba pengine mtu mwingine ndiye aliyeyaandika kwa jina la Klementi. Wapo pia wazushi, kama Eunomius. Aliwasoma. Hakuwasoma kupitia midomo ya maadui zao tu.

Mfano mwingine ni Justus wa Tiberia, Myahudi wa karne ya 1 aliyeandika habari za wafalme wa Wayahudi. Photius alikisoma kitabu chake na kuandika kwamba hakitaji kabisa kuja kwa Kristo wala miujiza yake. Kwa Mkristo, na hasa mtu wa cheo chake, ingekuwa rahisi kulifumbia macho jambo hilo. Yeye aliliandika. Kitabu cha Justus nacho kimepotea, na kama Photius asingekuwa mkweli tusingejua kilinyamaza juu ya nini.

Sisi tunaosoma falsafa tulisimama zaidi kwenye fungu la kwanza kabisa. Linahusu padre mmoja, Theodore, aliyeandika kutetea kwamba vitabu vinavyoitwa vya Dionisi Mwareopago viliandikwa kweli na Dionisi yule aliyeongoka kwa mahubiri ya Mtume Paulo. Photius anazitaja hoja nne ambazo Theodore alijaribu kuzijibu, mojawapo ikiwa kwamba Mababa wa zamani hawakuvitaja vitabu hivyo. Hoja anazieleza vizuri. Majibu ya Theodore hayaandiki. Leo wataalamu wanakubaliana kwamba vitabu vile ni vya mtu wa baadaye sana. Photius hakusema hivyo, lakini swali gumu aliliacha mezani lilivyo, bila kulifunika.

Kutoka ofisini hadi kiti cha Patriaki

Hapa tunafika kwenye sehemu chungu, na hatutaki kuirukia. Mwaka 858 Patriaki Ignasi alikuwa amekosana na Barda, mjomba wa Kaisari Mikaeli III na mwenye nguvu kubwa serikalini. Ignasi akaondolewa, na Photius akachaguliwa mahali pake. Alikuwa bado mlei. Katika siku chache za mwezi Desemba alipitishwa madaraja yote hadi uaskofu, na Noeli ikamkuta Patriaki.

Wafuasi wa Ignasi hawakukubali, na shauri likafika Roma. Wajumbe wa Papa Nikolao I walihudhuria mtaguso wa mwaka 861 na kumthibitisha Photius, lakini Papa mwenyewe aliona kwamba wamevuka mamlaka yao. Mwaka 863 akatangaza kwamba Photius amevuliwa cheo. Moto ulizidi kwa sababu ya Bulgaria, nchi iliyokuwa imepokea ubatizo karibuni, ambako wamisionari wa Kilatini na wa Kigiriki walikuwa wakishindana. Mwaka 867 Photius aliwaandikia mapatriaki wa Mashariki barua kali, akizishutumu desturi za Walatini na hasa lile neno linalosema kwamba Roho Mtakatifu atoka kwa Baba na Mwana. Mtaguso ulioitishwa Konstantinopoli mwaka huo ukamhukumu Papa Nikolao.

Kama Wakatoliki hatuwezi kulisifu jambo hilo, wala kuona kwamba ni dogo. Lililotuhuzunisha zaidi ni kwamba mtu yule yule aliyeweza kumsoma mpagani na mzushi kwa uvumilivu mkubwa, alikosa uvumilivu kwa ndugu zake wa Magharibi. Kilatini hakikuwa lugha yake. Vitabu vya Magharibi alivipata katika tafsiri. Lakini daftari lake lina fungu juu ya maisha ya Papa Gregori Mkuu, na humo anamheshimu. Nikolao alikuwa mbele yake akiwa hai na mwenye hoja zake, na hakumsoma kama alivyomsoma Gregori. Roma nayo, kwa upande wake, ilimjua Photius zaidi kwa maneno ya waliomchukia. Kusoma sana hakumkingi mtu na hasira, na sisi waseminari tusijidanganye juu ya hilo.

Bila vitabu

Mwezi Septemba mwaka 867 Basili alimuua Kaisari Mikaeli na kuchukua kiti chake. Photius akaondolewa, Ignasi akarudishwa. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 869 hadi 870, ambao sisi Wakatoliki tunauhesabu kuwa mtaguso mkuu wa nane, ulimhukumu. Alipoletwa mbele ya mtaguso alinyamaza karibu muda wote.

Alipelekwa uhamishoni, na huko alinyang'anywa vitabu vyake. Tunayo barua aliyomwandikia Kaisari Basili. Analalamika juu ya mambo mengi, lakini jambo la vitabu analitaja kwa uchungu wa pekee: anaona ni adhabu mpya na ya ajabu, iliyobuniwa ili asiweze hata kulisikia neno la Bwana. Mtu aliyewahi kuandika mafungu 280 ya vitabu alivyosoma, sasa hana hata kimoja mkononi.

Alifanya nini? Rafiki yake Amfilokio, askofu mkuu wa Kiziko, alikuwa amemletea maswali juu ya Maandiko Matakatifu na teolojia. Photius aliendelea kuyajibu, na sehemu kubwa ya majibu hayo ni ya wakati wa uhamisho. Mkusanyo wake una maswali na majibu yapatayo 300. Walimnyang'anya vitabu vya rafu. Vile alivyokuwa amevisoma kwa kalamu mkononi havikunyang'anyika, kwani vilikuwa vimekwisha kuwa vyake.

Mambo yakageuka tena. Karibu na mwaka 873 Basili alimrudisha Konstantinopoli kuwafundisha watoto wake. Photius na Ignasi, wazee wawili waliokuwa wamegawanya mji mzima, wakapatana. Ignasi alipofariki mwaka 877, Photius alikuwa Patriaki tena, na mtaguso wa mwaka 879 hadi 880 ulimtambua mbele ya wajumbe wa Papa Yohane VIII. Hatimaye mwaka 886 Kaisari mpya, Leo VI, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimwondoa kwa mara ya pili. Alifariki uhamishoni karibu na mwaka 893. Waorthodoksi wanamheshimu kuwa mtakatifu na kumkumbuka kila tarehe 6 Februari.

Aliyesomwa kwa haki

Daftari lilibaki. Nakala zake mbili za zamani zaidi zilifika mikononi mwa Kardinali Bessarion, Mgiriki aliyejitahidi sana kwa ajili ya umoja wa Mashariki na Magharibi katika Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439. Bessarion aliutolea mji wa Venezia maktaba yake mwaka 1468, na nakala hizo zipo huko hadi leo. Kitabu kilichapwa kwa Kigiriki mwaka 1601 mjini Augsburg, na mwaka 1606 tafsiri ya Kilatini ilitolewa na Andreas Schott, padre Mjesuiti. Kwa hiyo mikono ya Wakatoliki ilishiriki kulifikisha kwetu daftari la mtu aliyekosana na Papa.

Mwandishi wake alingoja zaidi. Kwa karne nyingi vitabu vya Magharibi vilisimulia kwamba Papa Yohane VIII alimtenga Photius upya na kwamba alikufa nje ya umoja na Roma. Ndipo padre Mkatoliki wa Ucheki, Francis Dvornik, alipozichunguza hati za pande zote kwa miaka mingi, na mwaka 1948 akachapisha kitabu kikubwa kilichoonyesha kwamba utengo huo wa pili haukuwapo, na kwamba Photius alikufa akiwa na amani na Kanisa la Roma. Wanahistoria wengi wamekubaliana naye. Dvornik hakusema kwamba Photius hakukosea. Alimfanyia kile ambacho Photius mwenyewe aliwafanyia waandishi wa kale: alimsoma, akaeleza alichosema na kutenda, kisha ndipo akahukumu.

Tunaona hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Kuweka kumbukumbu ya usomaji kunasaidia kukumbuka, ni kweli, na kungetuokoa na aibu ya mtihani. Lakini kabla ya faida hiyo kuna haki. Ukijilazimisha kuandika kwa maneno yako kile ambacho mwandishi amesema, kabla ya kuandika unachokifikiri wewe, huwezi kumsingizia. Nasi tunasingizia mara nyingi. Tunakanusha wanafalsafa ambao hatujawasoma kurasa kumi. Tunasema juu ya ndugu wa madhehebu mengine, au Waislamu majirani zetu, mambo tuliyoyasikia kwa watu. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo, na mwandishi naye ni jirani, hata kama amekufa miaka elfu moja iliyopita.

Tumenunua daftari la kawaida la kurasa 200. Kila tunapomaliza kitabu tunaandika tarehe, jina la mwandishi, kitabu kinasema nini, lugha yake ikoje, kina ukweli gani, na wapi hatukubaliani nacho. Tunaandika vyote: kitabu cha metafizikia, riwaya, maisha ya mtakatifu, kijitabu cha ufugaji wa kuku alichotukopesha katekista wa kigango cha nyumbani. Hadi sasa tuna vitabu 19. Fungu letu la kwanza ni kile kitabu cha mtihani, ambacho tulikirudia tangu mwanzo.

Nawe mpendwa msomaji, uwe mseminari, mama wa jumuiya ndogo ndogo au kijana wa kwaya, huhitaji maktaba ya Konstantinopoli. Anza na kitabu kilicho mezani kwako. Na kama una ndugu aliye mbali, asiyeweza kukipata, mwandikie ulichosoma. Daftari kubwa kuliko yote lilianza hivyo hivyo, kwa ombi la ndugu aliyekuwa anaachwa nyumbani.